Shangazi, ile barua yangu naomba uisahihishe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya kwanza niliiandika kwa siri. Nilikusihi uachane na mambo ya kupinga malori yanayozoa mchanga wa mto, umalize miaka mitatu iliyobaki, ustaafu salama ulee wajukuu. Nikasema nazungumza kwa niaba ya ukoo mzima. Hakuna aliyenituma. Niliogopa mwenyewe, basi.

Nilikuwa nimesikia umepewa barua ya onyo: kwamba mwalimu ni mtu wa darasani, haifai aonekane amesimama na bango mbele ya malori. Nikaona aliyeiandika ana hoja. Nikaongezea na zangu: paa la nyumba yako linavuja, mjomba ana presha, nawe kila Jumamosi uko mtoni na watoto wa watu.

Watoto wa watu! Mimi niliyekuja kwako na kifurushi kimoja baada ya baba kufariki, nikapewa nusu ya kitanda cha binti yako. Usiku tulikuwa tunakusimamia taa ukisahihisha madaftari, na kabla hujamaliza rundo tulishalala. Asubuhi uko tena na madarasa mawili kwenye chumba kimoja, la tatu wakitazama ubao wa mbele na la nne wa nyuma, wewe katikati unahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Humo ndimo ulimotufundisha somo la makopo. Uliweka makopo mawili ya rangi juani. Moja ulilijaza mchanga wa mtoni, ukamimina maji taratibu mpaka yakatokeza juu. Lingine maji matupu. "Asiguse mtu." Kila asubuhi kiranja alitumbukiza kijiti kwenye lile la maji na kuandika ubaoni. Siku lilipokauka kabisa, ulituambia tuchimbe lile la mchanga kwa vidole. Juu pakavu, pamoto. Chini kidole changu kikatoka kimelowa. Hukueleza kitu. Ulisema tu, "Pangeni mstari, twende mtoni." Kiangazi kilikuwa kimekolea, mto mweupe kama mfupa, na katikati yake akina mama wamepiga magoti kwenye visima vya kufukua, wanachota. Nilikuwa na miaka kumi, nikajua kwamba mto ule haukuwa umekauka, ulikuwa umejifunika.

Wewe hayo huhitaji kuambiwa, lakini wanaosoma hapa pengine hawajawahi kuuona mto wa namna hiyo. Ukiuzoa mchanga, sakafu ya mto inashuka, na maji ya ardhini ya kandokando yanashuka nayo. Visima vya kingoni vinabaki vitupu. Kisha kingo zenyewe zinaanza kumeguka, miti inabaki inaning'iniza mizizi hewani mpaka mvua ya kwanza iiangushe.

Nami nakaa ghorofani, Shangazi. Kuta hizi ni zege, na zege ni mchanga. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inasema dunia inatumia mchanga na kokoto tani bilioni 50 kwa mwaka. Nilidhani majangwa yangetosha, kumbe mchanga wake kwa kawaida haufai zege: upepo umezisugua chembe zikawa duara, hazishikani vizuri. Kwa hiyo malori yatazidi kuifuata mito. Na wanaoyapakia kwa koleo ni wanafunzi wako wa zamani. Nimesimuliwa kwamba siku ile uliwaita mmoja mmoja kwa jina, ukawauliza hali za watoto wao, ndipo ukaenda kusimama mbele ya gari.

Kila tarehe 5 Oktoba mimi ndiye wa kwanza kukutumia maua ya kwenye simu, Siku ya Walimu Duniani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini siku hiyo. Ni kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1966 lilipitishwa Pendekezo la ILO na UNESCO, mashirika ya kimataifa ya kazi na ya elimu, kuhusu Hadhi ya Walimu. Maadhimisho yenyewe yalianza 1994. Mwaka huu nimelisoma. Aya ya 79 inataka ushiriki wa walimu katika mambo ya jamii na ya umma uhimizwe. Aya ya 80 inasema wawe huru kutumia haki zote za kiraia walizonazo raia wengine. Ni pendekezo, si sheria, na aliyekuandikia onyo anaweza kulikunja akajipepea nalo. Hata hivyo nimelichapa, linakuja kwa bahasha.

Sitakudanganya kwamba hukutukosea. Siku ya mahafali yangu ulikuwa kwenye mkutano wa mto, na nilikununia miaka mingi. Binti yako alizoea kusema, "Mama ana wanafunzi, sisi ni wapangaji." Tulicheka, ila hakuwa anatania. Lakini nakumbuka pia mikono yako ikinisuka nywele huku ukinisikiliza jedwali la saba, na kila nikikosea ulivuta msuko kidogo. Mpaka leo nikifika saba mara nane kichwa kinauma.

Nakuja likizo. Nasikia watoto wanapima kina cha kisima kila wiki na kuandika kwenye daftari kuukuu la mahudhurio. Usimwazime mtu yeyote daftari hilo, hata akija na tai. Nitapiga picha kila ukurasa, nakala moja nikae nayo mimi. Nitashika pia zamu ya kijiti, na paa nitakuja na fundi.

Ile barua yangu, kama hujaichana, chukua kalamu nyekundu unirudishie.

Mwanao.