Zai, naomba mzee wako aongee na mzee wangu

Zai shoga yangu,

Asalaam aleikum. Najua unacheka, mtoto wa Kianglikana wa Dodoma kaanza na salamu yenu, ila mwenye shida lazima aingie kwa adabu. Habari za Tanga, wanangu wazima, Baba Nasri na mgongo wake? Huku wazima, vumbi tu na maji ya zamu kama unavyopajua. Ukimya wangu usiuweke moyoni, simu iliibiwa pale stendi ya Nanenane, namba zote zikaenda, hii yako nimeipata kwa Mama Tuli juzi msibani.

Sasa mwenzangu, ni habari ya mzee. Desemba anafikisha 60, anastaafu, chaki anaweka chini. Na tangu ofisi imwambie aanze kuandaa makaratasi ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hapa nyumbani hapakaliki. Hela haijaingia hata shilingi ila imeshagawanywa. Baba mdogo wa Kongwa anataka trekta la kushirikiana, sijui atashirikiana na nini maana yeye hana hata jembe. Mchungaji kaja na habari ya bati za kanisa. Kuna kijana hapa mtaani anauza vifaranga anamwambia mzee kuku 1000 ni utajiri ndani ya miezi mitatu. Na ofisa wa benki fulani, kijana mpole kabisa ana tai, kashakuja na fomu za mkopo wa wastaafu, yani mtu hajastaafu anakopeshwa kustaafu kwake.

Hesabu ya mafao yake tulipiga pamoja sebuleni kwa kalkuleta ya simu. Miaka 35 ni miezi 420, unagawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka kwenye ile miaka mitatu bora, tukauweka milioni 1 na laki 6 kwa mwezi, afu mara 12 na nusu, afu unachukua asilimia 40. Inakuja kama milioni 69 na nusu za mkupuo na kila mwezi kama laki 6 na 95 hivi. Mzee akavua miwani. Akaniambia piga tena. Nikapiga tena. Akasema sasa piga kwa kikokotoo cha zamani tulichoingia nacho PSPF, ule mfuko uliokuwepo kabla ya PSSSF, cha kugawa kwa 540, mara 15 na nusu, unachukua nusu. Ikaja milioni 115 na ushee. Basi hiyo ndo hela anayoiongelea mpaka leo, ile ambayo haipo. Nikimwambia baba lakini mbona ya kila mwezi ya sasa ni kubwa kuliko ya zamani, maana zamani ingekuwa laki 6 na 22, hataki kabisa kusikia, anasema ya kila mwezi ni ya kununulia dagaa. Nikimwambia ungestaafu 2023 ungekuta asilimia 33, shukuru hiyo 40 waliyopandisha kwenye bajeti ya 2024, ananiangalia kama mie ndo Waziri wa Fedha.

Ila Zai hela siyo hasa iliyonifanya nikuandikie. Hela italiwa, nyingine itabaki, tumezoea. Kinachonikosesha usingizi ni mama.

Mzee ana kaunta buku, unalijua, lile la kuandikia madeni ya watu kwa peni nyekundu. Alilisahau mezani nikalifungua. Kapiga mistari vizuri kama skimu ya kazi: gari Noah used, bati nyumba ya Kongwa, ng'ombe, ada ya mdogo wetu wa Kondoa (yule wa nje ya ndoa), mchango wa kanisa, trekta na alama ya kuuliza. Mwisho kapiga jumla, imezidi milioni 69 kwa mbali. Nikatafuta jina la mama, nikafungua na ukurasa wa nyuma, halipo. Siyo kwamba hampendi, unawajua wale, wakikaa kibarazani jioni ni vicheko. Ni vile tu mama kwake ni kama ukuta wa nyumba, nani anaandika ukuta kwenye bajeti?

Na hiyo nyumba yenyewe ya Kisasa hati ina jina la mzee peke yake. Kiwanja walinunua wote, mama aliuza maandazi mpaka mikono ikabadilika rangi, we mwenyewe ulikuwa unayala bure. Hati ipo kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati, ufunguo kaufunga kwenye leso. Siku ile yule kijana wa benki alisema nyumba inaweza kuwa dhamana wakitaka mkopo mkubwa zaidi wa Noah mbili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya ndoa huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila mwenzio kuridhia, hilo nalijua na benki wanalijua, ndo maana wanamletea mama fomu asaini. Sasa mama unamjua, akiwekewa karatasi mbele hasomi, anauliza tu "wapi?" anasaini. Nimemwambia mama usisaini kitu mpaka nije, kanijibu mwanangu mimi na baba yako tuna miaka 34, nikatae kusaini nimwaibishe mbele ya wageni?

Nikasema basi, ngoja niende upande wa wosia. We! Nilivyotamka tu neno, mzee akasema unaniletea uchuro, hata hela sijaishika mnataka mnizike. Siku tatu hasemi na mimi. Shangazi akapiga simu kutoka Mpwapwa kuniuliza nina haraka gani. Sasa mimi ndo naonekana nina uchu wa mali, mimi ambaye kiwanja changu ninacho na mume wangu anajiweza, Mungu anisamehe lakini nilitukana kimoyomoyo.

We unakumbuka ya Baba Mkubwa Sospeter. Kafa ghafla, hakuna karatasi. Vikao vya ukoo vitatu ndo ukapatikana muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, huko nako wakaanza kubishana hii mirathi ni ya mahakama ya mwanzo au ya wilaya kwa vile marehemu alikuwa Mkristo lakini aliishi kimila, tarehe zikapigwa tarehe. Alipoteuliwa msimamizi si ndo akahamia kwenye nyumba kabisa, akawa anajiita mwenye mali. Msimamizi wa mirathi siyo mrithi jamani, kazi yake kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kwa mahakama ya mwanzo ndani ya miezi minne anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni yote. Hiyo orodha nani aliiona? Bajaji za marehemu zimeoza uani na kuku wanataga ndani yake. Mama mkubwa, mjane wake, saizi anaishi kwa mkwe wake Ilazo, anaomba hela ya vocha. Yule mama ambaye alikuwa anatugawia sisi sote nauli.

Nyie kwenu Waislamu angalau mafungu yako wazi, mke kama mna watoto ana thumuni yake, wosia hauzidi theluthi na hauwekwi kwa mrithi, mtu anajua anaposimamia hata kama watu wanagombana. Sisi tuna sheria ya serikali huku, mila huku, na ukoo umekaa katikati unakunywa chai.

Na siyo kazi kubwa. Pale RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika wosia na wanautunza, mtu haendi nao nyumbani kuuficha chini ya godoro. Mashahidi wawili wasiokuwa warithi, na kwa vile kimila wanataka mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, nishawawazia mpaka watu, Mwalimu Chibwana na mjomba. Na mdogo wetu wa Kondoa aandikwe humo humo na fungu lake, kwa mkono wa baba mwenyewe. Yule mtoto nampenda, hajaomba kuzaliwa, lakini baba akinyamaza siku ya siku kuna watu watamwambia hawamjui na mimi sitaki kuwepo kwenye hicho kikao.

Kuna na jingine dogo ila linaniudhi. Cheti cha ndoa cha kanisa kina jina la ubatizo la mama, Ester, NIDA ana jina la kwao la Kigogo, na kwenye fomu za mzee za zamani kaandikwa Mama Joyce. Mama Joyce! Fomu ya serikali! Sasa siku mzee hayupo mama anaenda dirishani kama nani? Nimempeleka kwa wakili aape kiapo cha majina, hilo tumemaliza kimyakimya. Bado mzee kubadilisha wategemezi kwenye mfuko na kule SACCOS ya walimu, ambako mrithi aliyeandikwa bado ni bibi, na bibi tumemzika 2011.

Kuhusu hela nilimpa wazo langu nikanyamaza. Nilimwambia weka hata milioni 30 UTT, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa hati fungani, ukianzia milioni 10 unaweza kuchagua gawio la kila mwezi, ukichanganya na pensheni unaishi bila kumpigia mtoto simu. Au nunua hati fungani za serikali zenyewe kwa kupitia benki, yani unaikopesha serikali, riba kila miezi sita. Akasema hela ya kuiangalia kwenye simu siyo hela, hela ni ng'ombe. Nikamwambia DECI, ule upatu, pia watu walipanda mbegu na risiti wakapewa, 2009 hiyo, na Mama Tuli alipanda, hebu kamuulize, lakini huu ni mfuko wa serikali kabisa siyo upatu. Akasema atafikiria. Kwa mzee "nitafikiria" ni ushindi, kwahiyo hapo sigusi tena.

Ndo nakuja kwako. Mzee wako na wangu walikaa bweni moja chuo cha ualimu Mpwapwa na mpaka leo wanaitana "mwana". Mzee wako alivyostaafu alikaa chini akamwandikia bi mkubwa nusu ya nyumba ya Chumbageni akiwa hai, kwa hiba, na mambo mengine yote akayaweka wazi mbele yenu. Mzee wangu alilisikia hilo akasema "yule ana akili toka zamani". Akiambiwa na yeye haitakuwa uchuro. Ikitoka kwangu ni uchuro.

Naomba uongee nae ampigie. Ila asijue imetoka kwangu! Aanze tu na kikokotoo, wakilia pamoja kidogo kuhusu zile milioni 115, mzee akishalainika ndo amuulize, mwana, nyumba umeiweka kwa jina la nani? Hapo hapo tu. Ya wosia yatakuja yenyewe.

Unaona atakubali? Au nitakuwa namsumbua na presha yake? Ile hiba yenu mlipitia kwa wakili gani, na ardhi mlisumbuliwa kubadilisha hati au iliisha haraka? Bi mkubwa alisaini mwenyewe au kuna mtu alimsomea? Na yule kaka yako wa Muheza aliyenuna, alishaacha kununa au bado haji Idi? Na we Baba Nasri mmeandikana wapi, maana nakuona unasoma hapa unatikisa kichwa kama mambo ni ya wazee tu?

Jibu haraka, vijana wa benki wanarudi Jumanne ijayo. Ukipiga usipige saa mbili usiku, ndo taarifa ya habari, mzee anakaa pembeni yangu na masikio anayo.

Wako,
Joyce