YAH: MALALAMIKO KUHUSU ROBO DOLA ZA MAREHEMU MUME WANGU

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lililonileta dukani kwenu hapa Columbus lilikuwa la Kiswahili.

Jumamosi nililipa dola 40 za tathmini, nikaweka mezani sarafu 37, zote robo dola, hakuna iliyovuka mwaka 1964. Marehemu alikuwa anakusanya hela za mashine za kufulia. Kila alipoona robo yenye ukingo mweupe mtupu, usio na ule mstari wa shaba ulioanza 1965, aliweka ya kwake na kuichukua hiyo. Miaka kumi na tisa.

Kijana wenu hakuzigusisha hata mizani. Alichukua ile ya 1932, yenye herufi D chini ya tai, akamimina dawa ya kung'arishia kwenye kitambaa, akasugua. Nikamwambia, "Mwanangu, usiisafishe!" Hakuinua hata uso. Akamaliza, akasema, "Robo ni robo, mama. Dola 9 na senti 25."

Robo ni robo? Za zamani hizo ni madini ya fedha asilimia 90, kila moja gramu 6.25. Zangu 37 zina fedha halisi zaidi ya gramu 200. Na za 1932 zenye D, yaani za kiwanda cha sarafu cha Denver, zilipigwa pungufu ya 437,000 tu. Watu wa sarafu wanaitafuta, na wanaijua iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho tu, nayo hushuka thamani. Mnalijua hili, ndiyo kazi yenu.

Tena nilipoingia tu, kabla ya yote hayo, aliniuliza mbele ya wateja nimezitoa wapi. Nilinyamaza.

Narudia jambo la kitambaa, maana silali. Sarafu ile ilikuwa na rangi ya kijivu ya miaka mingi, mume wangu hakuruhusu hata watoto waishike katikati. Kijana wenu aliisugua uso, akaigeuza, akasugua na mgongo, mimi nimesimama nimenyoosha mkono kuiomba. Nimeomba mara mbili. Kitambaa kikatoka cheusi. Akaiinua kwenye taa, akatabasamu.

Nilikusudia kuomba dola zangu 40 na radhi ya maandishi. Sasa naandika na naona hazitoshi. Mtalipia mtathmini mwingine, nitakayemchagua mimi, apime sarafu zote, na mtanilipa thamani iliyopotea kwenye ile ya 1932. Na kijana yule asiguse tena sarafu ya mjane yeyote.

Nawapa siku kumi. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, kitengo cha kulinda walaji, kisha mahakama ya madai madogo. Risiti ninayo, na picha za sarafu nilizopiga nyumbani asubuhi ile kabla sijaja kwenu ninazo.

Wenu,
Mama Zuhura