Malalamiko Kuhusu Lenzi za Masafa Mengi Nilizowekewa Machoni na Ushauri wa Leza Uliofuata

Ngamiani,
Tanga.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Huduma za Upasuaji wa Macho,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nami ni mmiliki na dereva wa basi dogo la abiria linalofanya safari kati ya Tanga na Lushoto. Madaktari wenu waliniondoa lenzi za asili za macho yote mawili, ambazo hazikuwa na mtoto wa jicho, wakaniwekea lenzi bandia za masafa mengi ili nisitegemee tena miwani. Katika fomu yenu ya usajili, mahali palipoulizwa kazi, niliandika kwa herufi kubwa kwamba mimi ni dereva. Hata hivyo, kuanzia kwenye ukumbi wa Raskazone mlikokuja kutangaza huduma hadi siku ya upasuaji wenyewe, hakuna aliyeniuliza kama huendesha gari gizani, wala aliyenieleza lenzi hizo hufanya nini kwa macho ya mtu anayeendesha gizani.

Sitaki kuwadhulumu, kwa hiyo nitaje kwanza yaliyokwenda vizuri. Nasoma gazeti, tiketi na ujumbe wa simu bila miwani, jambo ambalo sikuliweza tangu nilipovuka miaka arobaini. Vidonda vilipona bila usaha wala maumivu, na sina neno juu ya mkono wa daktari aliyenipasua.

Tatizo linaanza jua likizama. Basi letu huondoka stendi kabla ya alfajiri, na kutoka Muheza hadi Segera barabara imejaa malori. Kila taa inayokuja mbele yangu huzungukwa na miduara ya mwanga, mmoja nje ya mwingine, na malori mawili yakifuatana miduara hiyo huingiliana hata nisiweze kutambua ukingo wa barabara uko wapi. Kupanda kutoka Mombo kwenda Soni ni kugumu zaidi, kwa kuwa barabara ni nyembamba, kona zimefuatana, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo, na miezi ya baridi ukungu wa Usambara hushuka hadi barabarani. Katika hali hiyo mtu aliyevaa nguo nyeusi au jiwe lililoporomoka huonekana kwangu kama sehemu ya lami. Kwa usalama wa abiria nimeacha kuendesha gizani, na sasa namlipa dereva mwingine kwa kazi niliyoifanya mwenyewe miaka yote nikiwa na miwani yangu.

Bingwa wa macho niliyemwona hapa Tanga alinipima kwa makini na kunieleza kwamba lenzi zenyewe hazina ubovu na zimekaa mahali pake. Kinachonisumbua ndiyo tabia ya lenzi za masafa mengi: huugawa mwanga unaoingia jichoni, sehemu moja ikahudumia kuona mbali na sehemu nyingine kuona karibu, kwa hiyo uwezo wa kutofautisha vitu katika mwanga hafifu hupungua na taa za usiku huota miduara. Alikiri kwamba kwa watu wengi hali hiyo hufifia kadiri ubongo unavyozoea, lakini si kwa wote, na ndiyo maana daktari makini humuuliza mgonjwa kuhusu kuendesha gari usiku kabla ya kuchagua lenzi. Mtu wa kazi yangu angeweza kuwekewa lenzi ya umbali mmoja iliyopimwa kwa kuona mbali, akabaki na miwani ya kusomea tiketi tu. Angeweza pia kuachwa na miwani yake. Aliye na mtoto wa jicho anasukumwa na ugonjwa, lakini mimi sikuwa na ugonjwa wowote uliotuharakisha, na lenzi ya asili ikishatolewa hairudishwi. Kwa huduma ya namna hiyo, isiyo ya lazima na isiyorudi nyuma, maelezo kamili ndiyo yaliyopaswa kutangulia malipo.

Kipeperushi chenu kinaiita huduma hii "teknolojia mpya kabisa" na kuahidi kwamba mteja "ataaga miwani milele". Upya huo naona umetiwa chumvi. Harold Ridley aliweka lenzi bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London mwaka 1949, kabla mimi sijazaliwa, na mbinu ya kuivunja lenzi ya asili kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo ilianzishwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967. Jambo lenye umri huo faida na hasara zake zinajulikana, na waliopaswa kunifahamisha ni ninyi mliokuwa mkiuza.

Lakini lililonifanya niandike barua badala ya kuendelea kupiga simu ni jibu mlilonipa. Nilipoeleza habari za miduara, mfanyakazi wenu wa huduma kwa wateja, bila daktari yeyote kunitazama, aliniambia nije "kusafishwa kwa leza" kwa malipo ya ziada. Leza hiyo ina kazi yake halali: baada ya upasuaji, utando wa nyuma wa kifuko kinachoshikilia lenzi unaweza kuota ukungu, na leza huutoboa ili mwanga upite. Utando wangu, kwa mujibu wa bingwa wa hapa Tanga, uko safi. Kuutoboa kusingeondoa hata duara moja, bali kungefanya kazi ya kuitoa lenzi hii na kuweka nyingine iwe ngumu na ya hatari zaidi, kwa kuwa kifuko kingekuwa kimeshafunguka upande wa nyuma. Kwa maneno mengine, mlitaka kuniuzia kwa simu tiba ambayo ingeharibu nafasi yangu ya kurekebishwa. Nashindwa kuamini kwamba mimi ndiye mteja wa kwanza kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo naomba mnipatie nakala za vipimo vyote vya macho yangu, fomu ya ridhaa niliyotia sahihi, pamoja na kadi inayoonyesha aina, nguvu na namba ya kila lenzi iliyomo machoni mwangu, ambayo sikupewa nilipotoka. Kuzipata taarifa hizo ni haki yangu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naomba pia nipimwe na bingwa asiye mwajiriwa wenu, kwa gharama zenu, ili aamue kama inafaa kusubiri macho yazoee au kubadilisha lenzi mapema. Akiamua zibadilishwe, gharama zote ziwe juu yenu. Kuhusu ujira ninaomlipa dereva wa alfajiri, niko tayari kuzungumza nanyi mkishakubali kwa maandishi kwamba sikuelezwa.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka suala la matangazo yenu kwenye Tume ya Ushindani, na suala la ridhaa na ushauri wa leza kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimeambatisha stakabadhi ya malipo, kipeperushi chenu na ripoti ya bingwa wa Tanga.

Wenu katika kufuatilia suala hili,

Mteja wenu,
Mmiliki na dereva wa basi la Tanga–Lushoto.