Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Ubao wa Herufi Hautoshi kwa Jicho Linalowaka Ndani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mgonjwa wa macho, huu ni mwaka wangu wa tisa. Nina uveitisi ya nyuma ya jicho. Tabaka lenye mishipa ya damu lililo nyuma ya retina huwaka na kuvimba, kisha madhara hupenya hadi kwenye retina yenyewe. Miaka miwili ya mwanzo, kila nilipokwenda kliniki nilisoma mstari wa 6/6, ule wa mtu anayeona vizuri, kwenye ubao wa herufi, na kila mara nikaambiwa macho yangu yako vizuri. Kumbe usiku nilikuwa najigonga kwenye milango, na ngazi nazishuka kwa kupapasa ukuta. Nilipoeleza hayo nilirudishwa kwenye ubao, nikasoma tena herufi zote, na dozi ya dawa ikapunguzwa.

Sina ugomvi na aliyenipima. Alifuata mwongozo aliopewa, na mwongozo huo ndio ninaokuomba uubadilishe.

Herufi za ubao husomwa na kitovu cha retina, eneo lenye upana wa milimita moja na nusu hivi. Retina nzima ina seli za fito zipatazo milioni 120. Hizo ndizo zinazotuonyesha njia gizani, na nyingi mno ziko nje ya kitovu hicho. Ugonjwa unaweza kutafuna huko pembeni kwa miezi mingi huku mgonjwa akisoma hadi mstari wa chini bila kukosea. Mgonjwa mwenyewe huanza kuona tofauti mapema: rangi zinafifia, giza linakuwa zito kuliko zamani, vimeta vinacheza mbele ya macho. Ila hana cha kumwonyesha daktari.

Kipimo kinachoweza kumsemea kipo. Ni elektroretinogramu, kipimo cha umeme wa retina. Mwaka 1865 Frithiof Holmgren wa Sweden aligundua kwamba jicho la chura hutoa umeme linapomulikwa, na tangu mwaka 1989 kuna viwango vya kimataifa vya kukifanya kipimo hiki kwa binadamu. Unatiwa matone ya kutanua mboni, unakaa gizani dakika 20, elektrodi, yaani kinasa umeme kidogo, inagusishwa kwenye jicho au kubandikwa kwenye ngozi chini ya kope, kisha taa inamulika. Mchoro unaotokea huzama kwanza, hilo likiwa jibu la seli zinazopokea mwanga, halafu hupanda kwa jibu la seli zinazopokezana ujumbe nyuma yake. Baada ya hapo macho huzoeshwa mwanga kwa dakika 10, na taa humetameta mara 30 kwa sekunde. Seli za fito haziwezi kuifuata kasi hiyo, kwa hiyo jibu linalopatikana ni la seli za koni peke yake, zile zinazoona rangi na mwanga wa mchana.

Hapo kwenye kumetameta ndipo jicho lenye uvimbe hujifichua. Retina hujibu, lakini kwa kuchelewa milisekunde chache. Jambo hili limefuatiliwa sana katika ugonjwa mmoja unaotawanya madoa ya rangi ya maziwa nyuma ya jicho, ambao karibu wagonjwa wake wote hubeba alama ya kinasaba ya HLA-A29. Ucheleweshaji unaweza kuonekana wakati herufi bado zinasomeka, na tiba ikikubali, muda huo unaweza kurudi nyuma. Mimi nilipimwa hivyo mwaka wa tatu. Nilipoonyeshwa mchoro wangu nililia, maana mara ya kwanza kitu fulani kilikubaliana na ninayoyaona.

Naomba isieleweke kwamba kipimo hiki kinamaliza kila kitu. Hujumlisha jibu la retina nzima, kwa hiyo maji yakijaa kwenye kitovu peke yake kinaweza kuyakosa. Hapo inahitajika picha ya tabaka za retina, au kipimo kinachosoma umeme wa kila eneo kivyake. Tena mboni iliyogandana na lenzi haitanuki sawasawa, na ute wa ndani ya jicho wenye ukungu au mtoto wa jicho hupunguza mwanga unaoingia, hivyo mchoro unakuwa mdogo ilhali retina haijazidiwa kiasi hicho. Mtaalamu lazima ayajue haya. Ndiyo maana mchoro wa maana zaidi ni ule wa mgonjwa mwenyewe uliochukuliwa mwanzoni, ili wa leo ulinganishwe nao. Wangu wa mwanzoni haupo, na hakuna wa kunirudishia.

Kukosea hapa kunaumiza pande zote mbili. Dawa zikipunguzwa mapema, retina inaendelea kufa kimyakimya. Zikiendelea bila sababu, prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, huleta mtoto wa jicho, hupandisha presha ya macho na sukari, na hudhoofisha mifupa. Dozi za aina hii zisiamuliwe kwa herufi za ubaoni.

Ninaomba, Mheshimiwa, mwongozo wa tiba uagize kila mwenye uvimbe wa nyuma ya jicho apimwe umeme wa retina anapogunduliwa, na apimwe tena kabla dawa zake hazijapunguzwa. Wafundishwe mafundi wa kukifanya na kukisoma kipimo hiki, si kununua mashine tu zikafunikwa turubai. Kliniki zilizo mbali zianze na mashine ndogo za mkononi zinazotumia elektrodi za ngozi, na mgonjwa apewe rufaa pale mchoro unapotia shaka.

Mimi narudi kupimwa mwezi ujao. Kwenye benchi la kusubiri nitaketi na wenzangu ambao bado wanasoma herufi zote na wanashikwa mkono kurudi nyumbani jua likizama. Nitawaambia nimekuandikia, na jibu lako nitawasomea.

Wako,
Mgonjwa wa uveitisi