Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tundu Tunalihesabu, Mrija Je?

Ndugu wanachama,

Vikao vyetu vingi mwaka huu vimeishia kwenye trakeostomia, tundu la kupumulia linalotobolewa shingoni na kuwekwa mrija wa kupitisha hewa. Ubishi ulikuwa: litobolewe lini? Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa "mapema", mpaka tulipousoma upya utafiti wa TracMan wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013. Kundi moja la wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia lilipangiwa kutobolewa ndani ya siku 4, jingine lingoje hadi zipite siku 10. Vifo ndani ya siku 30 vilikaribia kulingana. Tena katika kundi lililongoja, waliotobolewa hawakufika nusu. Nikanyamaza.

Idadi nayo hupanda na kushuka. Marekani, katika kila wagonjwa 100 walio watu wazima waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, karibu 7 walitobolewa mwaka 1993, wakakaribia 10 mwaka 2008, kisha wakaanza kupungua. Njia ya kutanua tundu kwa sindano na waya, iliyoelezwa na daktari Ciaglia mwaka 1985, iliitoa kazi hii chumba cha upasuaji ikaileta kando ya kitanda. Katika miaka hiyohiyo waliotobolewa wakafia hospitalini walipungua, lakini wengi zaidi waliondoka kwenda vituo vya uangalizi wa muda mrefu, si nyumbani.

Hapo ndipo penye donda. Kumbukumbu za malipo za hospitali za umma huandika siku tundu lilipotobolewa. Siku mrija ulipotolewa haziandiki. Mgonjwa akishahamishiwa wodini, mrija unaweza kuziba kwa makohozi au kuchomoka usiku, na aliye zamu huenda hajawahi kubadilisha hata mmoja. Ndiyo maana tumesisitiza kila kitanda kiwe na mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo kidogo, mashine ya kufyonza inayofanya kazi, na kibao kinachosema kama njia ya juu ya hewa, ya puani na mdomoni, bado iko wazi.

Fomu yetu ya ufuatiliaji wengi hamkuijaza. Siwalaumu, ilikuwa ndefu mno. Mpya ina mistari mitatu: tarehe ya kutobolewa, ya kuhamia wodini, ya kutolewa mrija.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Mwenyekiti