Saa nane usiku nani atapokea simu? Kumpima mtoa huduma wa tiba shufaa nyumbani

Familia nyingi zikipiga simu kutafuta muuguzi wa nyumbani huanza na bei ya mwezi. Swali halali, na chini tutalifikia. Ila kuna swali linalopaswa kutangulia, na muulizeni kila anayetaka kumhudumia mgonjwa wenu, sisi tukiwemo: saa nane usiku maumivu yakimpanda mzee, nani atapokea simu, na dawa ya kumpa itakuwa wapi wakati huo?

Mchana kila mtoa huduma anapendeza. Sare safi, kipimo cha presha mkononi, shikamoo kwa wazee. Usiku ndipo inapojulikana kama kuna mpango au kuna sare tu. Jibu zuri lina mambo matatu: namba ya simu ya muuguzi wa zamu, si ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni; dozi ya dharura ambayo tayari iko ndani ya nyumba; na maelekezo yaliyoandikwa ili binti wa nyumba aweze kuitoa mwenyewe huku muuguzi yuko kwenye simu. Mkijibiwa "mkiona hali mbaya mpelekeni hospitali", hiyo si tiba shufaa. Hilo hata jirani angewaambia.

Neno lenyewe wengi hulisikia mara ya kwanza Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, au kwenye hospitali zenye timu ya kazi hii kama Selian kule Arusha na Muheza mkoani Tanga. Maana yake ni kutuliza maumivu na dalili nyingine za ugonjwa mzito, pamoja na kumtunza mgonjwa na wanaomuuguza. Si lazima mtu awe ameachwa na madaktari. Mwenye saratani anaweza kuendelea na mionzi na bado akapata huduma hii. Vivyo hivyo mwenye moyo au figo zilizochoka. Kwa hiyo mtoa huduma binafsi anayewaambia mwachane na kliniki kwa sababu "sasa sisi tupo" anawapoteza. Yeye anatakiwa awe na jina na simu ya daktari wa mgonjwa wenu tangu siku ya kwanza.

Sasa morfini, maana hapa ndipo kazi nzuri na kazi mbovu zinapoachana.

Morfini ya kunywa ni dawa inayodhibitiwa. Hutoka hospitali yenye kibali, kwa cheti cha daktari. Muuguzi anayeitoa kwenye mkoba wake na kuwauzia chupa ni wa kuagwa hapo hapo mlangoni. Lakini na yule anayesema "hatutumii morfini, inaua haraka" naye muageni. Ikitolewa kwa dozi sahihi haiharakishi kifo. Kinachotisha watu ni kwamba mara nyingi huanzishwa ikiwa imechelewa, mgonjwa akiwa tayari siku zake za mwisho, kisha dawa ikabebeshwa lawama.

Mjaribuni kwa hesabu. Chukua dawa ya maji yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, na mgonjwa aliyeandikiwa mililita 5 kila baada ya saa 4. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja, mililita 10, ili alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Jumla ni mililita 30 kwa siku, yaani 210 kwa wiki. Ongeza dozi za dharura, ambazo kila moja kwa kawaida ni sawa na dozi moja ya ratiba, tuseme mbili kwa siku: mnafika 280. Mtoa huduma anayewatembelea mara moja kwa wiki na kuhakikisha mna chupa ya mililita 200 hajapiga hesabu, na dawa itawaishia kabla hajarudi. Ikiisha Ijumaa usiku, hadi Jumatatu dirisha la dawa lifunguliwe mgonjwa ameteseka siku mbili na nusu.

Dozi za dharura zikifika tatu au zaidi kwa siku, maana yake dozi ya ratiba haitoshi. Muuguzi anayejua kazi hujumlisha dawa yote iliyotumika kwa saa 24 na kuigawa kwa sita, maana siku ina dozi sita za saa 4, ile ya usiku ikihesabiwa mbili: 30 za ratiba na 15 za dharura ni 45, kwa sita ni mililita 7.5. Hapo humpigia daktari kupata idhini ya dozi mpya na kuiandika. Muulizeni, "Mnaongezaje dozi?" Asiyeweza kuwaeleza hesabu hii kwa penseli na karatasi atakuwa anakisia. Kwa mzee aliyekonda sana huanziwa chini zaidi, miligramu 2.5, na kwa mwenye figo dhaifu nafasi kati ya dozi huongezwa hadi saa 6 au 8, kwa sababu mabaki ya dawa hukaa mwilini. Asipouliza habari za figo kabisa, hiyo ni alama mbaya.

Swali la pili la morfini ni choo. Dawa hii hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia muda mrefu, na hali hiyo haizoeleki kama usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo au kichefuchefu cha wiki ya kwanza. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, kwa mfano bisakodili kila usiku, huanza siku ileile morfini inapoanza. Tumbo likishajaa siku sita, mgonjwa anatapika, anakataa kula, na ndugu wanadhani saratani imesambaa. Mwangalieni muuguzi kwenye ziara: akiuliza "amepata choo lini?" na kuandika tarehe, mmempata mtu. Ni swali dogo lisilo na heshima ya kitabibu, ndiyo maana wengi hulisahau.

Tatu, kipimo. Vijiko vya chai havilingani. Dawa ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita, na muuguzi awaone mkipima mbele yake kabla hajaondoka.

Kuna watoa huduma wanaokwepa usumbufu wa cheti kwa kuchoma sindano. Pethidini kila siku, au diklofenaki wiki nzima. Pethidini hutuliza kwa saa 2 au 3 tu, na mabaki yake yakirundikana yanaweza kuleta mtukutiko kama wa kifafa. Diklofenaki ya muda mrefu huumiza figo na tumbo. Zote zina mahali pake, lakini si kwa maumivu ya kila siku ya miezi. Pia kila sindano ni malipo ya ziada, na hilo si bahati mbaya.

Ziara ya kwanza ichukue saa moja au zaidi. Dakika 15 za presha na sukari hazitoshi hata kufungua mifuko ya dawa, na dawa zote zinatakiwa zimwagwe mezani zipitiwe moja moja. Nyumba nyingi zina dawa moja kwa majina mawili ya kibiashara na mgonjwa anakunywa zote. Aulize maumivu yako wapi, yanachoma au yanabana, yanaamsha usiku au la. Apime ukali wake: njia rahisi ni vidole vya mkono, ngumi ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano yakiwa makali kupita kiasi. Amuulize mgonjwa mwenyewe, si shangazi aliyekaa pembeni. Akague mdomo kwa tochi, maana utando mweupe wa fangasi unaweza kuwa ndio unaomzuia kula. Amgeuze na kutazama kiunoni juu ya makalio, nyonga na visigino. Muuguzi aliyemaliza ziara ya kwanza bila kumgeuza mgonjwa hajamwona mgonjwa.

Vidonda vya kulalia ndiyo cheti cha kweli cha mtoa huduma. Havitokei kwa ghafla. Huanza kama wekundu au weusi usiopotea ukibonyeza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani na kutiwa saini. Godoro la upepo linasaidia lakini halimgeuzi mtu, na likijazwa upepo kupita kiasi linakuwa gumu kama ubao. Shuka lisikunjike chini yake, na mgonjwa asiburutwe. Anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka la katikati. Kidonda kinachotoa harufu hakistahili manukato: vidonge vya metronidazoli, ile wengi wanayoiita Flagyl, vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi hupunguza harufu ndani ya siku chache. Hili ni jambo la kawaida kabisa kwa waliosomea kazi hii. Anayeshangaa kulisikia, muulizeni alijifunzia wapi.

Karatasi inayobaki nyumbani ina mtego wake hapa kwetu: saa. Muuguzi akiandika "10:00" akimaanisha saa 4 usiku, msaidizi wa nyumbani anasoma saa kumi. Dozi inahama saa sita. Dai ratiba iandikwe kwa Kiswahili, "saa 4 usiku", pamoja na mililita, jina la dawa, na kazi yake kwa neno moja: maumivu, choo, kichefuchefu. Ile "1x3" ya kwenye bahasha ya dawa haitoshi.

Leseni ni jambo fupi. Muuguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mkaione tarehe yake. Msaidizi asiye muuguzi anaweza kuogesha, kulisha na kugeuza. Hawezi kubadilisha mpira wa mkojo wala kuamua dozi. Kampuni nyingi huleta muuguzi siku ya mkataba, kisha kila siku anakuja msaidizi. Mkataba useme nani anakuja, mara ngapi, na muuguzi anamkagua msaidizi baada ya siku ngapi.

Familia hutuomba pia, "Msimwambie anaumwa nini." Mtoa huduma mzuri hatapinga kwa ukali wala hatakubali kudanganya. Atamuuliza mgonjwa anajua nini na angependa kujua kiasi gani, na mara nyingi mgonjwa anajua kuliko wote waliomo sebuleni. Aulize mapema pia habari za dini: sheikh, padre au mchungaji gani aitwe, na mgonjwa anataka nini kwa siku zake za mwisho. Kuuliza haya wakati koo linakoroma ni kuchelewa.

Kwa siku hizo za mwisho, ulizeni mambo mawili waziwazi. La kwanza: asipoweza kumeza, morfini itapitaje? Isikatwe ghafla. Inaweza kudondoshwa kidogo kidogo ndani ya shavu, au kutolewa kwa sindano chini ya ngozi, ambapo dozi hushushwa hadi nusu au theluthi ya ile ya kunywa. Anayesema dozi ni ileile ni hatari. La pili: dripu. Ndugu wengi huona dripu kuwa ndiyo matibabu, na kuna wanaoiuza kwa huruma hiyo. Mtu anayekaribia kufa mwili wake haubebi maji vizuri. Yanaishia kuvimbisha miguu na kujaza mapafu, kukoroma kukazidi. Kulowanisha midomo kwa pamba yenye maji kila mara, na kumlaza ubavu, kunamfaa zaidi. Mtoa huduma anayewaeleza hivi anakataa pesa mliyokuwa tayari kumpa. Huyo mzingatieni.

Na sasa bei. Kuna malipo kwa ziara, kwa zamu ya saa 12, na kwa kifurushi cha mwezi. Kabla ya kulinganisha, ulizeni kila mmoja kama bei yake ina glovu, shashi, nepi za wakubwa, nauli, simu za usiku na ziara za dharura. Kifurushi cha bei nafuu kinachotoza kila simu ya usiku huwa ghali kuliko kingine, na kibaya zaidi kinawafanya mwogope kupiga. Mkilipa mwezi mzima mbele, mkataba useme pesa itarudi vipi mgonjwa akifariki au kulazwa kabla mwezi haujaisha. Ni vigumu kuuliza hilo mbele ya mgonjwa. Ulizeni kwa simu.

Mkataba uguse pia siku ya msiba. Mgonjwa akifia nyumbani, muuguzi awe wa kuitwa kuthibitisha na kuandika taarifa yenye saa na ugonjwa aliokuwa nao, maana ofisi ya mtaa inaweza kuihitaji kwa kibali cha mazishi, na kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Morfini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, kwa kuandikishana, isibaki kabatini wala isigawiwe jirani anayeumwa. Kitanda na godoro la kukodi vichukuliwe siku ambayo familia itasema, si asubuhi ya matanga, na tarehe ya kurudishiwa amana iwe imeandikwa.