Naombeni ushauri: bosi anataka nichore ziwa la mwaka 2006

Shangazi, shikamoo. Na ninyi wasomaji wakubwa, shikamooni.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Igombe hapa Mwanza, mama yangu ni mchuuzi wa dagaa. Nimemaliza chuo mwaka jana, nimesomea ubunifu majengo, kazi ambayo mtaani kwetu inaitwa kuchora ramani. Tangu Oktoba niko katika ofisi ndogo hapa mjini. Tupo wanne: Mzee, ambaye ndiye mbunifu majengo aliyesajiliwa na mwenye muhuri, kaka mmoja mchoraji, katibu muhtasi, na mimi. Kuna mstari mmoja kwenye ramani umeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, na kila ninayeweza kumwuliza anamjua Mzee.

Nianze na yeye, maana sitaki mumwone mtu mbaya. Mwezi wangu wa pili kazini tulikwenda kwenye nyumba ya ghorofa moja kule Buswelu. Ngazi niliichora mimi, vidato vya sentimita 17. Fundi alipofika juu akakuta kimo kimemzidi, akatupia kosa lote kwenye kidato cha mwisho, kikatoka 24. Mimi nikawa nataka kugomba. Mzee akaninyamazisha, akajaza ndoo ya maji, akamwomba fundi aipandishe juu mara tatu. Mara ya pili mguu ukagonga pale pale, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Mzee. Fundi akacheka, akachukua nyundo akaanza kuvunja mwenyewe bila kuambiwa. Ndani ya gari Mzee akaniuliza, "Na wewe, kimo cha sakafu mpaka sakafu ulikipima mwenyewe au ulikisoma kwenye karatasi?" Nilikuwa nimekisoma kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nikiwa saiti sitoki bila tepu yangu.

Sasa kuna mteja anataka hoteli ya vyumba 24 ukingoni mwa ziwa, nje kidogo ya mji. Simtaji wala sitaji sehemu. Ofisi yetu haijapata kazi kubwa kama hii tangu nimefika, na najua kodi ya ofisi inadaiwa miezi miwili kwa sababu mwenye nyumba anapiga simu kwa katibu nikiwa nimekaa pembeni. Mzee akanipa mimi nichore ramani ya kiwanja. Nilifurahi mno, nikampigia mama usiku huohuo.

Ramani ya upimaji tuliyoletewa ni ya mwaka 2006. Kwenye hiyo ramani, kutoka pale unapokuja ukuta wa mbele wa hoteli hadi majini ni mita 66. Mnajua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo kwenye karatasi tuko salama, na mita sita za ziada juu.

Tulipokwenda kuhakiki bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, nikaivuta tepu. Ni ya mita 50, nilijiandaa kuiunga. Kibarua akakunja suruali akashika kichwa cha tepu pale maji yanapoanza, mimi nikarudi nyuma mpaka kwenye kigingi cha ukuta. Haikufika mwisho. Mita 41. Tukarudia, 41 na sentimita chache.

Wenye umri wangu wa Mwanza wataelewa mara moja. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limekauka vibaya. Nilikuwa na miaka sita, nakumbuka mama akitembea kwenye tope lililopasukapasuka, limejaa makombe ya konokono, akifuata mitumbwi iliyokwama mbali. Halafu ikaja 2020 maji yakapanda, yakaingia kwenye nyumba na vibanda vya mialo, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na 2024 yakapanda tena. Kati ya kina cha 2006 na cha 2020 kuna zaidi ya mita mbili za kwenda juu. Kwenye ufuko wa mawe makubwa yaliyosimama wima hutaiona tofauti hiyo. Kwenye ufuko uliolala kama huu, maji yakipanda mita moja yanakuja nchi kavu mita kumi au zaidi. Yule mpima wa 2006 hakudanganya, alichora alichokiona.

Shangazi, hili somo mimi nililipata zamani, na ndiyo maana linaniuma. Mwaka wa tatu chuoni kazi yangu ya studio ilikuwa sehemu ya kuanikia na kuuzia dagaa katika mwalo mmoja huku kwetu. Wenzangu wengi walichagua makumbusho na viwanja vya ndege. Mimi nilichora paa refu la kupitisha upepo, na chini yake chanja za kuanikia, dagaa wasianikwe tena mchangani. Likizo nikapeleka modeli yangu ya maboksi mwaloni kuwaonyesha akina mama. Mayu (mama) mmoja mtu mzima akaizunguka, hakugusa paa wala nguzo, akaniuliza hapa chini ndipo penye ule mti uliokatwa? Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwanangu, mwaka 2020 hapo tulikuwa tunapita na mtumbwi." Nilikuwa nimechukua picha ya satelaiti ya msimu maji yakiwa chini, nikaliweka jengo juu yake. Nikalisogeza lote, mita 40 kwenda juu, nikachelewa kukabidhi kwa siku mbili, nikakatwa alama. Mbele ya jopo la walimu swali la kwanza lilikuwa maji yakipanda yatafika wapi, na nilikuwa na jibu. Niliwaambia mimi sikulijua, nimeambiwa na mama wa mwaloni.

Nikamwambia Mzee kuhusu mita 41. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Binti yangu, sisi hatupimi ardhi. Mpima kaweka bikoni, Serikali imetia sahihi, tunachora ndani ya bikoni." Nikasema bikoni ziko sawa, kilichohama ni maji. Akasema maji yanakwenda na kurudi, 2006 yalirudi na yatarudi tena. Akaongeza kwamba jirani wa upande wa kulia amejenga karibu zaidi na yupo anafanya biashara. Katika hayo yote sikuona neno la kumwambia ni uongo. Kisha akaniambia nichore mstari wa maji kama ulivyo kwenye ramani ya upimaji, yaani wa 2006, na nisiandike mwaka pembeni yake.

Hapo pa kutoandika mwaka ndipo nilipokwama.

Ningeweza labda kujifariji kwamba ni ukuta tu, ukilowa atalowa mwenye hoteli. Lakini kuna shimo la maji taka. Kiwanja kinateremkia ziwani, kwa hiyo mifumo yote inashuka huko, na shimo la kunywesha limechorwa upande wa chini, mbele zaidi ya ukuta. Shimo la aina hiyo linafanya kazi kama udongo ni mkavu, maji yanapenya taratibu na kuchujwa. Niliwaomba vibarua wachimbe shimo la majaribio pale pale, mita moja na nusu tu. Jioni lilikuwa kavu. Asubuhi tulikuta maji yamejaa hadi nusu, masafi kabisa, unaona udongo wa chini. Hayo ni maji ya ziwa yamepita chini kwa chini. Sasa shimo ambalo limeshajaa maji ya ziwa litanywa nini? Choo cha vyumba 24 kitakwenda moja kwa moja ziwani, na mita mia mbili kutoka hapo kuna watu wanachota maji ya kupikia na ndoo. Niliwaona asubuhi hiyohiyo, watoto wa shule wenye madumu.

Nilikaa usiku nne nikachora upya, kwa wakati wangu, kwenye laptopu yangu. Nimerudisha jengo juu, katikati ya mawe makubwa yaliyo sehemu ya juu ya kiwanja. Mzee anasema kupasua mawe ni gharama, na ni kweli, lakini sikupasua hata moja. Nimefanya kama wazee wa Mabatini na Igogo walivyofanya, jiwe linakuwa ukuta wa nyuma, msingi unalizunguka, chumba kinapanda ngazi tatu na kingine kinashuka mbili. Mashimo ya maji taka yamekuja ubavuni, kwenye udongo mkavu. Vyumba vimebaki 17. Kila kimoja kinaliona ziwa kwa juu, jambo ambalo kwenye ramani ya kwanza vyumba vya nyuma vilikuwa havina. Mimi naamini ni hoteli nzuri kuliko ile. Niliichapa kwenye karatasi kubwa kwa hela yangu nikaiweka mezani kwake Jumatatu. Hadi leo imekunjwa palepale, ameweka kikombe cha chai juu yake. Sijui kama ameifungua.

Kuna jambo jingine lazima niliseme. Ili nisajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, natakiwa nifanye kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, anisainie kazi nilizofanya, ndipo nikafanye mtihani. Anayenisainia ni Mzee. Hajanitishia hata siku moja, nasema kweli. Ila sahihi ni yake, mji huu ni mdogo, na wabunifu wenye muhuri hapa Mwanza wanajuana wote. Nikitoka kwake kwa ugomvi, nitabisha hodi kwa nani? Na kwenye mshahara huu ninalipa makato ya mkopo wa chuo na ninamlipia mdogo wangu ada ya kidato cha tatu.

Nilimweleza mama. Akakaa kimya akichambua dagaa, akasema, "Huyo mzee amekulea kikazi, usimvue nguo mbele za watu." Baada ya muda akaniuliza hao wanaochota maji ni wa upande gani. Hakusema tena kitu.

Maswali yangu ni haya, na naomba wenye uzoefu msiogope kunikemea. Je, nichore kama alivyoagiza lakini niandike mwaka wa upimaji pembeni ya mstari, nimwachie yeye aufute kama anataka? Kaka mchoraji anasema huko ni kumtega Mzee. Je, nimwandikie barua rasmi ya ofisini, yenye vipimo na picha za lile shimo, ili iwepo kwenye faili? Naogopa barua kwa mtu unayekaa naye meza moja ni kama kumshtaki. Je, nimwombe anipeleke kwa mteja nimweleze mwenyewe, maana inawezekana mteja hajui hata kama kuna tatizo? Kwenda bila Mzee siwezi, huko ni kumpita mgongoni. Na kama kuna mpima ardhi anayesoma hapa, nisaidie: mstari wa maji wa zamani kwenye ramani iliyosajiliwa unarekebishwaje, nani anaomba, mwenye kiwanja au sisi?

Ninachotamani kuliko vyote ni kumrudisha Mzee kiwanjani asubuhi moja, asimame na kichwa cha tepu majini, mimi nishike huku, asome mwenyewe. Yule aliyejaza ndoo kule Buswelu angeelewa. Sijui nimwambieje bila kuonekana namfundisha kazi.

Ramani zinapelekwa halmashauri kuomba kibali mwisho wa mwezi huu. Nikipata majibu kabla ya hapo nitashukuru sana.

Ni mimi,
Binti wa Igombe, Mwanza